Bizanti: jina Warumi walilopewa baada ya kuzikwa

Jioni moja baada ya darsa la Ramadhani, kijana wa kidato cha sita alinifuata barazani kashika vitu viwili. Kimoja ni msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, kidole chake kikiwa juu ya aya za mwanzo za Surat Ar-Rum, zinazosema kwamba Warumi wameshindwa katika nchi iliyo karibu, na kwamba baada ya kushindwa kwao watashinda katika miaka michache. Kingine ni daftari lake la historia. Humo alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "476, Dola la Roma laanguka." Akaniuliza, "Mwalimu, Mtume alizaliwa mnamo mwaka 570. Kama Roma ilikuwa imekwisha kitambo, hawa Warumi wa kwenye aya ni akina nani?"

Nikamwambia afunue kurasa mbili mbele. Palikuwa na kichwa kingine, "Dola la Bizanti", na chini yake majina ya Justiniani na Konstantinopoli. "Ndio hao," nikamwambia. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Daftari lilikuwa limemfundisha kwamba Roma ni dola moja na Bizanti ni dola jingine, lililozaliwa mwenzake alipokufa. Nami nilifundishwa hivyo, na kwa miaka mingi nikawafundisha wengine hivyohivyo.

Fundo lote ni la jina. "Bizanti" si jina ambalo dola lile lilijiita, wala jirani zake hawakuliita hivyo. Watu wake walijiita Warumi mpaka siku Waturuki walipoingia Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1453. Jina Bizanti, kwa maana ya dola, lilienezwa na wasomi wa Ulaya Magharibi zaidi ya miaka 100 baada ya dola lenyewe kutoweka. Nataka nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu Kiswahili kinatupa njia nzuri ya kulielewa jambo hili, nasi tunaiacha hivihivi.

Urumi haukuwa mji

Tuanze na mtu ambaye Wakristo wengi wanamjua, Paulo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 22, askari wanamkamata Yerusalemu, wanamfunga kamba na kujiandaa kumchapa mijeledi. Paulo anamuuliza akida aliyesimama pale kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Kila mtu anashtuka. Jemadari anakuja mwenyewe, anamwambia kwamba yeye aliupata uraia huo kwa fedha nyingi. Paulo anamjibu kwamba yeye alizaliwa nao.

Sasa Paulo alizaliwa wapi? Tarso ya Kilikia, kusini mwa nchi ya leo ya Uturuki. Alikuwa Myahudi, aliandika kwa Kigiriki, na katika waraka wake kwa Warumi anasema ametamani mara nyingi kwenda kwao Roma akawa anazuiliwa. Mrumi ambaye hajaiona Roma! Kwa watu wa zama zake hapakuwa na ajabu. Urumi ulikuwa hadhi ya kisheria, uraia wa dola, na mwenye nao alikuwa nao popote alipo.

Mwaka 212 Kaisari Karakala alitoa amri iliyowapa uraia huo karibu watu wote huru waliokuwa ndani ya mipaka ya dola. Kuanzia hapo mkulima wa Misri, mvuvi wa Ugiriki na mfumaji wa Shamu wote ni Warumi mbele ya sheria. Vizazi viwili vitatu vikipita, uraia unageuka kuwa utambulisho. Mtu hana tena habari kwamba babu wa babu yake aliitwa kitu kingine. Ukiuliza ni lini watu wa Mashariki walianza kuwa Warumi, usitafute mwaka 476 wala 330. Rudi kwenye amri hiyo, na hata kabla yake.

Halafu akaja Kaisari Konstantino. Kwenye mlangobahari wa Bosporo, mahali Ulaya na Asia zinapokaribiana, palikuwa na mji wa Kigiriki ulioanzishwa karne ya 7 KK na wahamiaji kutoka Megara. Mji huo uliitwa Bizantio. Konstantino akaujenga upya, akauzindua tarehe 11 Mei 330, ukaitwa Roma Mpya na zaidi Konstantinopoli, yaani mji wa Konstantino. Jina la Bizantio halikufa kabisa. Waandishi waliopenda Kigiriki cha kale, chenye madoido, waliendelea kumwita mkazi wa mji huo Mbizanti. Lakini walimaanisha mkazi wa mji tu. Mtu wa Antiokia au wa Thesaloniki hakuwa Mbizanti hata kidogo; alikuwa Mrumi.

Mfano wa karibu ni huu. Dar es Salaam ilijengwa mahali palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Mpaka leo utamsikia mtu akisema "Mzizima" akimaanisha Dar, kwa mapenzi au kwa ushairi. Sasa chukulia kwamba miaka 600 ijayo wasomi wa nchi ya mbali wanaamua kuita Tanzania ya karne ya 20 "Dola la Mzizima", na raia wake wote "Wamzizima", yule wa Kigoma na yule wa Mtwara pamoja. Kisha wanaongeza kwamba Tanzania halisi ilikuwa nyingine. Hivyo ndivyo walivyofanyiwa Warumi wa Mashariki.

Mwaka 476 kilitokea nini?

Kwa vile tarehe hii ndiyo inayokaririwa, inafaa tuitazame vizuri. Kaisari wa Magharibi wakati huo alikuwa kijana mdogo, Romulus Augustulus. Odoacer, kamanda wa askari wa Kijerumani waliokuwa wakiitumikia Italia, alimwondoa madarakani, akamwachia uhai wake na kumpeleka kuishi Campania akiwa na posho. Kisha ukaenda ujumbe wa Seneti ya Roma Konstantinopoli, kwa Kaisari Zeno, ukasema kwamba Magharibi haihitaji tena kaisari wake wa peke yake. Mmoja anatosha kwa pande zote mbili. Mavazi na alama za ukaisari zikapelekwa huko huko Mashariki.

Ukiwa mjini Konstantinopoli mwaka huo, hukuona dola likianguka. Kaisari yupo, Seneti ya mji ipo, kodi zinakusanywa, mahakama zinahukumu kwa sheria ya Kirumi. Kilichopotea ni majimbo. Miaka 60 baadaye majeshi ya Justiniani yaliirudisha Italia na Afrika Kaskazini, na ni huyuhuyu Justiniani, aliyetawala kuanzia 527 hadi 565, aliyeagiza sheria za Kirumi zikusanywe na kupangwa. Mkusanyo huo ndio ambao vyuo vya sheria vya Ulaya vilikuja kuufanya msingi wao. Kwa hiyo zile "Sheria za Kirumi" ambazo mwanafunzi wa sheria huzisikia katika mwaka wake wa kwanza zilitufikia kupitia mji wa Konstantinopoli.

Hapo mtu huleta hoja ya lugha: hawa walisema Kigiriki, watakuwaje Warumi? Ni hoja yenye sura nzuri, lakini haisimami. Mashariki ya dola ilikuwa na Kigiriki kama lugha kuu ya mijini na ya ofisini tangu kabla ya Kristo. Paulo aliwaandikia watu wa mji wa Roma kwa Kigiriki, na walimwelewa. Kaisari Marko Aurelio, Mrumi wa Italia asiyetiliwa shaka na yeyote, aliandika tafakari zake kwa Kigiriki. Kilatini kilikuwa lugha ya jeshi na sheria, na kilipozidi kufifia Mashariki serikali ikahamia kwenye lugha ya wananchi. Sehemu kubwa ya sheria mpya za Justiniani ilitolewa kwa Kigiriki. Nchi kubadili lugha ya ofisini si sawa na nchi kufa. Sisi tulioshuhudia Kiswahili kikiingia bungeni tunalijua hilo.

Na wageni waliwaonaje? Kuna kisa kilichoandikwa katika karne ya 6 na Kosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria aliyefika mpaka Adulis, bandari ya dola la Aksum iliyokuwa katika Eritrea ya leo. Anasimulia kwamba mwenzao mmoja, Sopatros, alikwenda kufanya biashara Sri Lanka pamoja na watu wa Adulis, na wakakutana huko na Mwajemi. Mfalme wa kisiwa akawauliza: kati ya wafalme wenu, nani mkubwa zaidi? Mwajemi akadakia, mfalme wetu ndiye mfalme wa wafalme. Mfalme akamgeukia yule mwingine: nawe Mrumi, huna la kusema? Sopatros akajibu kwamba wafalme wote wawili wapo hapahapa, bora uwatazame mwenyewe. Akatoa sarafu mbili. Ya Mwajemi ilikuwa ya fedha. Ya kwao ilikuwa ya dhahabu iliyong'aa, yenye sura ya kaisari. Mfalme akazigeuzageuza mkononi, akawasifu Warumi, akaamuru Sopatros apandishwe juu ya tembo na kutembezwa mjini huku ngoma zikilia. Mtu huyo ni wa Mashariki, lugha yake Kigiriki, sarafu yake ni ya Konstantinopoli, na jina analoitwa katika Bahari ya Hindi ni Mrumi.

Herekali wa aya na Herekali wa Pate

Turudi kwenye swali la kijana. Vita kubwa kati ya Warumi na Waajemi ilianza mwaka 602, na kwa miaka mingi Warumi walipigwa vibaya. Dameski ilitekwa 613, Yerusalemu 614, kisha Misri ikafuata. Habari hizi zilifika Makka. Wafasiri wanasimulia kwamba washirikina walifurahia ushindi wa Waajemi, na Waislamu waliwahurumia Warumi kwa kuwa ni watu wa Kitabu. Ndipo zilipokuja aya zile. Neno la Kiarabu lililotafsiriwa "miaka michache" huelezwa na wafasiri kuwa ni kati ya mitatu na tisa. Mwaka 622 Kaisari Heraklio aliingia vitani mwenyewe, Desemba 627 akawashinda Waajemi karibu na Ninawi, na mwaka 628 vita vikaisha kwa ushindi wake.

Heraklio huyu ndiye ambaye hadithi iliyomo katika Sahih ya Bukhari inasema Mtume alimwandikia barua, akamwita "mkuu wa Rum". Zingatia maneno hayo: hakuitwa mkuu wa Wayunani wala wa Bizanti. Waarabu walikuwa na neno jingine, Yunani, walilolitumia kwa Wagiriki wa kale, akina Aristotle na Plato. Rum lilikuwa jina la dola lililo hai, lenye kaisari na majeshi. Walijua kutenganisha.

Sisi wa pwani tulimpokea Heraklio huyu zamani sana. Mwaka 1728, katika kisiwa cha Pate, Mwengo bin Athumani alitunga utendi wa beti zaidi ya 1,100 unaojulikana kama Utendi wa Tambuka, na ambao pia huitwa Chuo cha Herekali. Ni miongoni mwa kazi za Kiswahili za kale kabisa ambazo maandishi yake yametufikia. Herekali ni Heraklio, na Tambuka ni Tabuk. Kihistoria msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulimalizika bila mapigano makubwa, lakini mtunzi aliupanua ukawa vita vya kishujaa kati ya majeshi ya Kiislamu na majeshi ya Herekali. Wakati neno "Bizanti" lilikuwa bado linazungushwa katika maktaba chache za Ulaya, mwenyeji wa Pate alikuwa anaghani beti za mfalme wa Warumi kwa herufi za Kiarabu. Jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria.

Hata umbo la neno letu linasema kitu. Wakatoliki wengi, na Biblia Habari Njema, husema "Waroma", umbo lililofuata Roma ya Kilatini na Kiitaliano. Tafsiri ya Biblia ya Union inasema "Warumi", na tafsiri za Kurani zinasema "Warumi". Hiyo *u* imepitia Kiarabu, katika neno Rum, ambalo Waarabu walilitumia kwa dola la Konstantinopoli. Kwa hiyo Mkristo anaposoma waraka kwa Warumi na Mwislamu anaposoma Surat Ar-Rum, Kiswahili kimewapa jina moja, na kimewapa kwa haki: uraia wa Paulo na jeshi la Heraklio vilikuwa vya dola lilelile. "Kaisari" nalo ni hivyohivyo. Yule wa "mpeni Kaisari yaliyo ya Kaisari" na yule aliyepelekewa barua kutoka Madina wana cheo kimoja.

Nani aliwanyang'anya jina?

Ugomvi ulianza Magharibi, tena kwa sababu za madaraka. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 800, Papa Leo III alimvika Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, taji la ukaisari. Tatizo ni kwamba kaisari wa Warumi alikuwepo tayari, Konstantinopoli, na wakati huo alikuwa mwanamke, Irene. Makaisari wawili hawawezi kuwa wa dola moja. Njia rahisi ya kutoka hapo ilikuwa kumbadili jina yule mwingine: huyo si wa Warumi, huyo ni wa Wagiriki.

Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi ni cha mwaka 968. Askofu Liutprand wa Cremona alikuwa Konstantinopoli kama mjumbe wa Otto I, mfalme wa Kijerumani aliyevikwa taji la ukaisari miaka sita nyuma. Akiwa huko, wakafika wajumbe wa Papa na barua iliyomwita Otto "kaisari mtukufu wa Warumi" na kumwita Nikeforo, kaisari mwenye mji, "kaisari wa Wagiriki". Ikulu ikawaka moto. Wajumbe wakatiwa gerezani. Liutprand akajitetea kwa maneno ambayo mpaka leo yanasomeka kama tusi lililofungwa kwa hariri: kwamba Papa alidhani, kwa vile mmeacha lugha, desturi na mavazi ya Kirumi, jina la Kirumi nalo haliwapendezi.

Kwa karne kadhaa baada ya hapo Magharibi ilisema "Wagiriki". Kwa Wakristo wa Mashariki jina hilo lilikuwa baya maradufu, kwa sababu katika Kigiriki chao neno Mhelene, yaani Mgiriki, lilikuwa limepata maana ya mpagani, mwabudu miungu ya kale. Na bado, Wanamsalaba wa Magharibi walipoiteka na kuipora Konstantinopoli mwaka 1204, mkataba wao wa kugawana nchi uliiita Romania. Jina hilo ndilo wenyeji walilolitumia kwa nchi yao kila siku, tangu karne ya 4: Romania, nchi ya Warumi. (Haihusiani moja kwa moja na nchi ya Rumania ya leo, ingawa majina yote mawili yanatokana na Roma.) Waliokuwa wakikataa kwamba wale ni Warumi walilikubali jina siku walipoitaka ardhi.

Wenyeji waliurudisha mji wao mwaka 1261, wakaushika mpaka tarehe 29 Mei 1453, Konstantino wa 11 alipouawa na majeshi ya Sultani Mehmed II kuingia. Mehmed naye akajitwalia cheo cha Kayser-i Rum, Kaisari wa Rum.

Ndipo tunafika kwenye jina lenyewe. Hieronymus Wolf, Mjerumani aliyekuwa mkutubi wa ukoo wa matajiri wa Fugger mjini Augsburg, alikusanya maandiko ya wanahistoria wa Konstantinopoli na kuyachapisha mwaka 1557 kama mkusanyo wa historia ya "Kibizanti". Hakuwa na nia mbaya ninayoijua. Alihitaji jina la kuyatenga maandiko hayo na yale ya Wagiriki wa kale kwa upande mmoja, na ya Warumi wa kale kwa upande mwingine. Kumbuka tu kwamba Augsburg ilikuwa ndani ya Dola Takatifu la Kirumi, lililojihesabu mrithi halali wa Roma, na humo jina "Warumi" lilikuwa na mwenyewe tayari. Kuanzia miaka ya 1640 matbaa ya mfalme wa Ufaransa ilianza kutoa mfululizo mkubwa wa maandiko hayo, nao ukabeba jina hilohilo. Hata hivyo watu wa kawaida waliendelea kusema "Dola la Wagiriki". Mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 18, aliisimulia miaka hiyo 1,000 kama habari ndefu ya kuporomoka.

Bizanti ilishika kasi katika karne ya 19. Ugiriki ilikuwa imejipatia uhuru kutoka kwa Waturuki katika miaka ya 1820, na wengi wa viongozi wake waliota kuirudisha Konstantinopoli. Mwanahistoria Anthony Kaldellis, ambaye katika miaka ya karibuni amepigania sana jina la Warumi lirudishwe, anaona kwamba baada ya Vita vya Krimea vya 1853 hadi 1856 kuendelea kusema "Dola la Wagiriki" kulionekana kunachochea madai hayo, hivyo "Bizanti", jina lisilo na wananchi walio hai, likawa salama zaidi. Mimi naona hoja yake ina nguvu. Jina lisilo na mwenyewe halina wa kulidai.

Katika Kiingereza na Kifaransa neno hilo limepata hata maana ya dharau: jambo la kibizanti ni lenye urasimu uliopindapinda, au fitina za ikulu. Kiswahili hakina mzigo huo, na sioni sababu ya kuubeba.

Rum halikufa

Wakati Magharibi inabadili majina, Mashariki ililishikilia lile la zamani. Waturuki wa Seljuki walipoichukua Anatolia kutoka kwa Warumi, ufalme wao uliokuwa na makao Konya uliitwa Usultani wa Rum. Jalaluddin, yule mshairi na sufii aliyefariki Konya mwaka 1273, anaitwa Rumi kwa sababu aliishi nchi ya Rum. Mji wa Erzurum, mashariki mwa Uturuki, umebeba neno hilo katika jina lake mpaka leo. Waandishi wa Kiarabu waliiita Mediterania Bahari ya Rum. Balkani ya Waturuki iliitwa Rumeli. Hata Wareno, walipoingia Bahari ya Hindi, waliwaita askari na mabaharia wa Kituruki *Rumes*. Na Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyefika pwani yetu katika miaka ya 1580 na kukamatwa Mombasa mwaka 1589, ni mmoja wa watu wa namna hiyo.

Na Wakristo wenyewe? Patriarki wa Istanbul, yaani askofu mkuu wa Waorthodoksi huko, mpaka leo kwa Kituruki anaitwa Patriarki wa Rum. Waorthodoksi wengi wa Syria na Lebanon, wanaosali kwa Kiarabu, wanajiita Rum. Peter Charanis, aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri wa dola hili huko Marekani, alizaliwa kisiwani Lemnos mwaka 1908, kisiwa kikiwa chini ya Waturuki. Alisimulia kwamba mwaka 1912 jeshi la Ugiriki lilipofika, watoto walikimbia kwenda kuwaona askari. Mmoja wa askari akawauliza, mnaangalia nini? Wakajibu, tunawaangalia Wahelene. Akauliza, kwani ninyi si Wahelene? Wakasema hapana, sisi ni Warumi. Ilikuwa imepita miaka 459 tangu mji kutekwa.

Tuandikeje sasa?

Sisemi tuifute Bizanti. Anayetafuta vitabu maktabani au kwenye intaneti ataikuta chini ya jina hilo, na kwa sanaa na ibada limeshazoeleka; Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaposali Liturjia ya Mtakatifu Yohane Krisostomo, ibada hiyo inaitwa ya Kibizanti na kila mtu anaelewa. Ukilitumia, andika Bizanti kwa dola na Bizantio kwa ule mji wa kale kabla ya Konstantino. "Baizantaini" tuiachie midomo ya Waingereza.

Lakini mahali panapozungumzwa watu, walivyojiita na walivyoitwa na jirani zao, "Warumi" au "Warumi wa Mashariki" ndilo jina la kweli. Hasa katika masomo ya dini. Mwalimu wa madrasa akisema "Bizanti" bila maelezo, mwanafunzi hatajua kwamba ndio haohao wa kwenye sura.

Kuna kipimo kimoja ninachowapa wanafunzi. Waulize wataalamu Bizanti iliisha lini, wote watakwambia tarehe, mwezi na mwaka. Waulize ilianza lini, mmoja atasema 330 mji ulipozinduliwa, mwingine 395 Kaisari Theodosio alipofariki na wanawe wawili wakagawana utawala, mwingine 476, mwingine enzi za Heraklio. Hawakubaliani kwa sababu siku hiyo haipo. Hakuna asubuhi ambayo mtu wa Konstantinopoli aliamka akakuta dola lake limekuwa jingine.

Yule kijana nilimwambia asifute alichoandika kwa wino mwekundu. Aongeze neno moja tu mbele ya Roma: ya Magharibi.